Likasi: Mbwa mdogo anayekojoa ndani ya nyumba aulizwe kwanza ugonjwa, si fimbo

Katika nyumba nyingi za Likasi, kutoka Kikula mpaka Panda, jambo hili linajulikana. Mapema asubuhi mama wa nyumba anafungua mlango wa saloni, anaweka mguu juu ya simenti na kusikia ubaridi wa maji ambayo hayakutoka kwenye ndoo. Harufu inamaliza maelezo. Mbwa mdogo wa watoto amejificha chini ya kiti. Kwa miezi mingi alikuwa anajua kukwaruza mlango ili afunguliwe. Sasa hii ni mara ya tatu katika juma moja. Anavutwa kwa ngozi ya shingo, pua yake inasukumwa ndani ya mkojo, anapigwa na sandali, kisha anatupwa nje. Watoto wanaangalia. « Atakumbuka », baba anasema, naye anaenda kazini.

Hatakumbuka. Mbwa anaunganisha adhabu na kile anachofanya wakati ule ule, si na kile alichofanya katikati ya usiku. Anachojifunza asubuhi ile ni kwamba mtu mkubwa akiingia na kukuta maji chini, kuna hatari. Kesho yake atatafuta kukojoa nyuma ya kabati au chini ya kitanda, mahali ambapo haonekani, na nyumba nzima itasema kwamba sasa amekuwa mjanja. Wapo wanaojibu kwamba mbwa anajua kosa lake vizuri, juu anainamisha kichwa na kukunja mkia. Mwaka 2009, mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alitoa majibu ya jaribio lake juu ya sura hiyo ya hatia. Aliona kwamba inategemea makaripio ya mwenye mbwa, si kosa lenyewe. Mbwa ambaye hakufanya kitu chochote, akikaripiwa, aliinama vilevile, tena zaidi. Kwa hiyo ile sura ambayo watu wanaichukua kama ungamo ni woga tu.

Kuna mbwa wa namna mbili hapa, na watu wanawachanganya. Wa kwanza ni mtoto wa mbwa ambaye hajafundishwa bado. Huyo hana kosa, juu hakuna mtu aliyemwambia kwamba saloni si uwanja. Wa pili ni yule aliyekuwa anajua, aliyekaa mwaka mzima au miaka bila kuchafua nyumba, halafu ghafula akaanza. Huyu wa pili ndiye anayepigwa zaidi, kwa sababu watu wanasema anafanya kusudi. Lakini ndiye anayestahili kupigwa hata kidogo kuliko yule wa kwanza. Mbwa aliyekuwa anajua na sasa anashindwa, kuna kitu kilichobadilika: ndani ya mwili wake, au ndani ya nyumba.

Tuanze na mwili. Ugonjwa wa kibofu na njia ya mkojo unapata majike zaidi kuliko madume. Mbwa anakojoa kidogo kidogo, mara nyingi, anajikaza, pengine na damu. Hawezi kungojea mlango ufunguliwe, sawa na mtu mwenye ugonjwa huo. Kisukari na ugonjwa wa figo vinafanya mbwa anywe maji mengi sana, na maji yaliyoingia lazima yatoke. Jike asiyepasuliwa anaweza kupata usaha katika kizazi, majuma machache baada ya siku zake za kutafuta dume: anakunywa sana, anakojoa sana, hataki kula, na akicheleweshwa anakufa. Mbwa mzee anaweza kuvuja akiwa amelala, bila hata kujua. Kuna pia ugonjwa unaoletwa na kupe, babeziozi, ambao katika Afrika ni wa kawaida: mkojo unakuwa mwekundu au mweusi kama chai iliyokaa, ufizi unakuwa mweupe, mbwa anachoka. Mwenye nyumba anayemwaga ndoo ya maji juu ya mkojo huo haraka haraka, kwa hasira, anafuta ushuhuda wa kwanza ambao munganga wa wanyama angetaka kuusikia.

Watu wa Katanga wangepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba mkojo unasema. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji walitangaza uchunguzi juu ya mkojo wa wakaaji wa jimbo hili. Waliona kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wale wanaokaa mbali. Hakuna aliyesikia habari hiyo akasema kwamba watu hao walikuwa na tabia mbaya. Mkojo ulichukuliwa kama barua, ukasomwa.

Kama mwili ni mzima, nyumba iangaliwe. Hapa Likasi ina mambo yake. La kwanza ni kufuli. Katika mitaa mingi watu wanafunga milango mara jua likishazama, kwa woga wa wezi, na hakuna anayetaka kufungua tena kabla ya mwangaza. Kutoka saa hiyo mpaka asubuhi ni saa kumi au kumi na moja. Mbwa mkubwa mwenye afya anaweza kuvumilia. Mbwa mdogo ana kibofu kidogo. Kwa mtoto wa mbwa, wafugaji wanahesabu hivi: umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia. Mwenye miezi mitatu anaweza kukaa saa nne hivi. Kumfungia saa kumi, kisha kumpiga juu hakuvumilia, ni kumwomba kitu ambacho mtoto wa mtu wa miaka mitatu hakiwezi. Na katika nyumba nyingi huyo huyo mbwa anapewa bukari yake usiku, wakati watu wamemaliza kula, pamoja na maji. Chakula kilichoingia usiku kinatafuta mlango usiku.

La pili ni majira. Mji huu uko juu, karibu metre 1.300, na katika mwezi wa 6 na wa 7, katikati ya kipwa, usiku una baridi kali. Mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi anasimama mlangoni, anatazama giza, anarudi ndani. Mvua za kwanza zikifika, ni jambo lingine: ngurumo za Katanga si za mchezo, na mbwa aliyeshikwa na radi akiwa nje mara moja anaweza kukataa kutoka kwa majuma. Watu wanaona mbwa mvivu. Wangemsindikiza nje, wakasimama naye kidogo chini ya mbati, wangeona kwamba shida yake ni kuachwa peke yake katika kelele ile.

Halafu kuna mambo ya watu. Mtoto mchanga amezaliwa, mjomba amekuja kukaa na familia, mpangaji mpya ameingia katika lupango na mbwa wake mkubwa, familia imehama kutoka Shituru kwenda Kikula. Yule dada aliyekuwa anamtoa mbwa kila asubuhi ameolewa, na hakuna aliyepokea kazi yake. Hili la mwisho ndilo linalotokea zaidi na kutajwa kidogo. Mbwa wa familia mara nyingi ni mbwa wa mtu mmoja; siku mtu huyo akienda masomoni Lubumbashi, familia inaona mbwa ameharibika, kumbe saa yake ndiyo imeondoka. Na dume ambalo halijahasiwa, likifika kama miezi sita mpaka mwaka, linaanza kuinua mguu na kuweka alama kwenye miguu ya meza na kona za kuta. Hiyo si haja ya kukojoa. Ni mpaka wa shamba anaouchora. Kumhasi mapema kunasaidia mara nyingi, ingawa baba wengi wanaikataa kazi hiyo kana kwamba ni wao wanaopelekwa mezani.

Juu ya usafi, neno moja ni lazima, kwa sababu hapa watu wanajidhuru. Desturi ni kumwaga Javel moja kwa moja juu ya mkojo. Javel ikikutana na mkojo inatoa moshi unaochoma macho na kifua, na katika chumba kidogo kilichofungwa watoto ndio wanaouvuta. Kuna wanaoongeza siki ili harufu iishe mbio. Hiyo ni mbaya zaidi, kwani Javel na siki zinatoa gesi ya klorini, sumu kabisa. Mkojo unyonywe kwanza na kitambaa kikuukuu au karatasi, paoshwe na maji na sabuni, pasuuzwe. Siki iliyochanganywa na maji inaweza kufuata, peke yake. Kama mtu anataka Javel, itumike siku nyingine, mahali pakishasuuzwa na kukauka, madirisha yakiwa wazi. Pua ya mbwa inashinda ya mtu mara nyingi sana: ikiwa harufu inabaki katika mkeka au katika ufa wa simenti, kwake ni kama kibao kinachosema « hapa ndipo ».

Usafi huo si wa kupendeza wageni tu. Mkojo wa mbwa unaweza kubeba leptospirozi, ugonjwa unaopita kwa mtu kupitia kidonda au ngozi iliyolowa, na mavi yake yanabeba minyoo inayoingia kwa watoto wanaotambaa na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo anayesema « ni mbwa tu, tumwache akojoe anapotaka » naye amekosa.

Kumfundisha upya si kazi kubwa, lakini ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo familia nyingi zinashindwa. Kona moja ya lupango ichaguliwe, mbali na bomba na mahali pa kupikia, na wapangaji wengine waambiwe. Ugomvi mwingi wa lupango unaanza na jambo dogo kuliko hilo. Mbwa apelekwe kwenye kona ileile anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza, na mara ya mwisho kabla ya kufuli. Asitumwe, asindikizwe. Akimaliza, palepale asifiwe kwa sauti nzuri na apewe kipande cha samaki mkavu. Si baada ya kurudi ndani: palepale, kabla hajasahau. Akikamatwa anakojoa ndani, mtu apige makofi kidogo ili asimame, ambebe mpaka nje, amalizie huko. Akikutwa amekwisha kukojoa, hakuna cha kumwambia. Ni kupangusa tu. Chakula cha jioni kitolewe mapema, kabla ya jua kuzama. Lakini maji yasinyimwe kwa mbwa anayekunywa kuliko kawaida, kwa sababu kama figo ndizo zenye shida, kumkatia maji kunaweza kumwua.

Na kwa nyumba ambayo kweli haiwezi kufungua mlango usiku, kartoni fupi au beseni kuukuu lenye mchanga, likiwekwa karibu na mlango, linatosha kwa mbwa mdogo. Mchanga ubadilishwe kila asubuhi. Wazee wanacheka wakisikia hivyo: choo cha mbwa ndani ya nyumba! Ni afadhali kuliko choo cha mbwa chini ya kitanda.

Kuna sababu moja inayorudi katika mazungumzo, nayo inasikitisha. Wanasema mbwa wa hapa hafundishiki. Mbwa anayejua nyumba ni yule wa Bulaya, mwenye manyoya kama pamba. Wanaosema hivyo hawajui kwamba moja ya mbwa wadogo wanaopendwa Bulaya na Marekani ni wa Kongo. Ni yule mbwa mwekundu wa msitu, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni. Wazungu walimpeleka Uingereza katika miaka ya 1930 wakaanza kumzalisha, na katika miaka ya 1980 Wamarekani walirudi Zaire kutafuta wengine ili kuongeza damu mpya. Jina walilompa ni « basenji ». Kila msemaji wa Swahili analisikia tusi lililomo ndani yake, tusi la wakati wa ukoloni kwa watu wa kijijini. Basi huyo « mshenzi » leo analala juu ya zulia katika nyumba za ghorofa za London na Chicago, naye anatoka nje kufanya haja kama wengine. Hakubadilishwa damu. Alipewa saa, kona, na mtu wa kumsindikiza.

Sasa, kwa nini jambo hili linastahili nafasi katika habari za mji ambao una mashimo barabarani na vijana bila kazi? Kwa sababu ya kile kinachofuata baada ya sandali. Mbwa anapigwa mwezi mmoja, miezi miwili. Haponi, juu ugonjwa hauponi kwa kipigo. Siku moja baba anafungua lango na kumwacha aende. Anazunguka sokoni na kando ya reli, anakula takataka, anakutana na mbwa wengine ambao hakuna mtu aliyewachanja. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote walipata kutoka kwa mbwa, na kama wanne kati ya kumi ni watoto wenye chini ya miaka 15. Alama za ugonjwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Dunia ilijipa mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Mwaka huo uko mlangoni, na mbwa waliotupwa wako barabarani.

(Aliyeumwa na mbwa, au aliyekwaruzwa, aoshe kidonda na maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asingojee kuona kama mbwa atakufa.)

Watu watasema: munganga wa wanyama ni feza, na feza haitoshi hata kwa munganga wa watoto. Ni kweli, na hakuna haja ya kuwadharau wanaosema hivyo. Lakini Haut-Katanga si jimbo maskini wa waganga wa wanyama kama mengine: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilometre kama 120 kutoka hapa, kina kitivo kinachowafundisha. Meya na wakubwa wa komini nne za mji huu wangeweza kuomba jambo moja tu: siku moja ya mwezi, katika kila komini, munganga akae mahali panapojulikana, na wanafunzi wa miaka ya mwisho wakimsaidia, kwa chanjo na kwa mashauri. Watu wangeleta mbwa wao kwa kamba, kwa baiskeli, ndani ya kikapu. Siku hiyohiyo mama angeuliza juu ya mkojo wa usiku, na angejibiwa.

Anayeuza watoto wa mbwa naye ana deni. Mtoto wa mbwa aliyeondolewa kwa mama yake kabla ya majuma nane amenyimwa masomo ya kwanza ya usafi, kwani mama ndiye anayewazoeza watoto kutoka mahali pa kulala ili wafanye haja. Mnunuzi anapewa mbwa wa majuma matano, anaambiwa ana miezi mitatu, na vita vinaanza usiku wa kwanza. Mnunuzi aangalie meno: kama yale madogo ya mbele ndiyo kwanza yanatoka, arudishe feza mfukoni. Aulize pia karatasi ya chanjo. Muuzaji akicheka, jibu limekwisha kutolewa.

Kwa nyumba ile ya asubuhi, yenye maji juu ya simenti na mbwa chini ya kiti, kuna kazi ambayo haigharimu kitu. Mtoto anayejua kuandika apewe karatasi moja ya daftari kwa juma moja. Aandike saa ambazo mbwa amekula, amekunywa vyombo vingapi vya maji, amekojoa wapi, kidogo au kingi, rangi gani; na kama kuna mgeni, radi au ugomvi siku hiyo, aandike pia. Karatasi hiyo ipelekwe kwa munganga pamoja na mkojo kidogo wa asubuhi, ndani ya chupa iliyooshwa vizuri.